Kukata kipande cha maandishi kwa Python: zoezi la jumbe za pesa kwenye simu

Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama mtaani kwao. Kila Jumapili jioni hukaa barazani, simu mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia, akinakili kiasi cha pesa kutoka kwenye jumbe za simu kwenda daftarini. Nilipoanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nikajitolea kumwandikia programu ndogo ya kumpunguzia kazi. Programu ikaleta salio. Shangazi akaangalia daftari, akaangalia skrini, akasema: "Hapa kuna elfu ishirini imezidi, mwanangu. Imetoka wapi?"

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba kompyuta haikosei hesabu. Na kweli hesabu haikukosea. Nilichokosea ni kuikata namba kutoka kwenye ujumbe kabla ya kuijumlisha.

Zoezi la leo ni hilohilo: una maandishi marefu, unataka kipande kimoja tu cha ndani yake. Kiasi cha pesa, jina, tarehe, mwaka wa kuzaliwa, chochote. Ni kati ya mazoezi ya mwanzo kabisa kwa anayejifunza kuandika programu, na wengi hulipita haraka wakidhani wamelielewa. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Hatua ya kwanza: pata mahali pa kuandikia

Kama una kompyuta, sakinisha Python 3. Kama una simu ya Android tu, sakinisha Pydroid 3, programu ya kuandikia Python kwenye simu. Inatosha kwa kila kitu kilichomo humu. Mimi nilijifunza nusu ya haya ndani ya daladala. Andika mstari huu, uendeshe, na kama Mombasa imetokea kwenye skrini tuendelee:

```
mji = "Mombasa"
print(mji)
```

Hapo `mji` ni kigeu, yaani jina tulilokipa kitu ili tukiite baadaye. Kitu chenyewe, "Mombasa", ni stringi: herufi zilizopangwa mstari mmoja, kama shanga kwenye uzi. Kompyuta haijui kwamba huo ni mji wenye bandari na Ngome ya Yesu. Inaona herufi saba tu. Lishike hilo, maana makosa mengi tutakayokutana nayo yanatoka hapo.

Jambo moja linalowapata waandishi wa Kiswahili kuliko wengine: stringi inaweza kufungwa kwa alama moja ya kunukuu au mbili, lakini sisi tuna ng'ombe, ng'ambo na mang'amung'amu. Ukiandika `'ng'ombe'`, Python inadhani stringi imeishia kwenye `'ng'`, halafu inakutana na `ombe` isiyojua ni nini, inagoma. Zoea alama mbili: `"ng'ombe"`. Na ukiuliza urefu wake kwa `len("ng'ombe")` utajibiwa 7. Kwetu sisi ng' ni sauti moja, lakini Python inahesabu n, kisha g, kisha kile kikoma cha juu.

Hatua ya pili: hesabu mapengo, usihesabu herufi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukipaelewa hapa mengine yote yanateremka.

Python inahesabu kuanzia sifuri. Herufi ya kwanza ya Mombasa iko namba 0, ya mwisho iko namba 6. Kila anayeanza huambiwa hivyo, anakubali kwa kichwa, kisha anaendelea kukosea kwa moja wiki nzima. Walimu wengi wanasema tu "zoea". Mimi sikuzoea mpaka nilipomwona fundi cherehani anapima kitambaa.

Angalia tepu ya fundi. Sifuri iko ukingoni kabisa, kabla ya sentimita ya kwanza. Namba 1 haimo ndani ya sentimita yoyote. Iko kwenye mstari unaotenganisha sentimita ya kwanza na ya pili. Fundi akitaka kipande cha kuanzia 3 hadi 7, anaweka mkasi kwenye mstari wa 3 na kwenye mstari wa 7, anapata sentimita nne. Hakuna anayemuuliza kama sentimita ya saba imo au haimo. Mkasi hupita kwenye mistari.

Basi weka mistari hiyo kati ya herufi:

```
| M | o | m | b | a | s | a |
0   1   2   3   4   5   6   7
```

Kukata kipande kunaandikwa kwa mabano ya mraba na nukta mbili katikati (kilicho baada ya alama ya # ni jibu litakalotokea, Python yenyewe haikisomi):

```
print(mji[0:3])   # Mom
print(mji[3:7])   # basa
print(mji[3:])    # basa
print(mji[:3])    # Mom
print(mji[-4:])   # basa
```

Namba ya kushoto ni mkasi wa kwanza, ya kulia ni mkasi wa pili. Ukiacha ya kulia wazi, unakata mpaka mwisho. Ukiacha ya kushoto wazi, unaanza mwanzoni. Namba hasi zinahesabu kutoka nyuma: `-4` ni mstari wa nne ukianzia mwisho.

Kuna faida mbili za kuhesabu hivi ambazo zitakufaa kila siku. Ya kwanza, urefu wa kipande ni namba ya pili ukitoa ya kwanza: 7 kutoa 3 ni 4, na "basa" ina herufi nne. Ya pili, vipande viwili vilivyokatwa mahali pamoja vinaungana bila kupoteza wala kurudia herufi: `mji[:3] + mji[3:]` ni Mombasa ileile. Mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alieleza sababu za namna hii katika waraka mfupi alioandika kwa mkono tarehe 11 Agosti 1982, akitetea kuanzia sifuri na kuacha mwisho nje. Guido van Rossum, aliyeitoa Python hadharani mwaka 1991, naye ni Mholanzi, na aliianza akiwa katika taasisi ileile ya Amsterdam ambako Dijkstra aliwahi kufanya kazi miaka mingi kabla. Sidai kwamba mmoja alimnakili mwingine, ila nilipojua hilo nilitabasamu.

Ukitaka herufi moja tu, namba moja inatosha: `mji[0]` ni M. Lakini tofautisha mambo mawili. Ukiomba herufi isiyokuwapo, `mji[100]`, Python inagoma na kukupa kosa la IndexError. Ukiomba kipande kinachopita mwisho, `mji[3:100]`, hailalamiki hata kidogo. Inakupa "basa" na kunyamaza. Huo ukimya ni wa kuogopwa. Tutarudi kwake.

Hatua ya tatu: pasua kitenzi

Kabla ya kugusa pesa, fanya mazoezi kwenye lugha yenyewe. Kiswahili ni kizuri mno kwa zoezi hili, kwa sababu vitenzi vyetu tayari ni vipande vilivyoshonwa pamoja.

```
neno = "ninakupenda"
print(neno[0:2])   # ni
print(neno[2:4])   # na
print(neno[4:6])   # ku
print(neno[6:])    # penda
```

Nafsi, wakati, mtendwa, mzizi na kiishio chake. Mikasi mitatu tu, kwenye 2, 4 na 6, na sarufi yote ya darasa la sita iko mezani. Sasa jaribu `"atakupenda"` kwa namba zilezile. Utapata "at", "ak", "up" na "enda". Nafsi ya "a" ina herufi moja badala ya mbili, kwa hiyo kila kitu kimesogea hatua moja. Hakuna kosa lililotokea, hakuna onyo. Umepata takataka zenye adabu.

Jaribu na hili pia. Kubadilisha umoja kuwa wingi, mtoto kuwa watoto:

```
neno = "mtoto"
print("wa" + neno[1:])   # watoto
```

Limefanya kazi. Weka "mtu", unapata "watu". Weka "mwalimu", unapata "wawalimu". Weka "mti", unapata "wati". Mtoto wa miaka mitatu anaweza kukosea hivyo akarekebishwa na bibi yake. Kompyuta itarudia kosa hilo mara milioni bila kuona haya.

Na usijaribu kuibadilisha herufi ndani ya stringi kwa kuandika `neno[0] = "w"`. Python haikubali, stringi haibadiliki ikishaundwa. Unakata, unaunga, unapata stringi mpya.

Hatua ya nne: kata kiasi cha pesa kwa kuhesabu, uone kinavyoharibika

Sasa tuingie kazini. Huu ni ujumbe niliotunga mwenyewe kwa kufuata sura ya zile tunazopokea. Nakushauri nawe ufanye hivyo: ukitaka kumwonyesha mtu programu yako akusaidie, badilisha majina na namba kwanza. Jumbe za pesa ni siri za watu.

```
ujumbe = "Umepokea Tsh 25,000.00 kutoka kwa ASHA JUMA tarehe 14/3/24 saa 7:05 PM. Salio jipya ni Tsh 141,350.00. Kumbukumbu no. QX7K2M9P1."
```

Mara ya kwanza nilihesabu kwa kidole. "Umepokea" herufi nane, nafasi tupu moja, "Tsh" tatu, nafasi tupu moja, jumla 13. Kiasi chenyewe kina alama tisa. Kwa hiyo:

```
print(ujumbe[13:22])   # 25,000.00
```

Safi kabisa. Nikajipongeza, nikaiweka kwa jumbe zote za mwezi. Sasa tazama shangazi alipotoa mkopo, akapata ujumbe wa namna hii:

```
ujumbe = "Umetuma Tsh 25,000.00 kwenda kwa REHEMA ALI tarehe 16/3/24 saa 9:40 AM."
print(ujumbe[13:22])   # 5,000.00
```

"Umetuma" ina herufi saba, siyo nane. Kila kitu kimesogea kushoto hatua moja, mkasi umeipitia ile 2 na kuiacha nje. Mkopo wa elfu ishirini na tano umekuwa elfu tano. Hakuna kosa kwenye skrini, hakuna mstari mwekundu, na namba iliyobaki inaonekana halali kabisa. Ndiyo ile elfu ishirini ya shangazi.

Kosa linalosimamisha programu ni la heri: linakuita kwa jina na kukuonyesha mstari. Hili halikuiti. Bila daftari, ningeendelea nalo hata mwaka.

Hatua ya tano: tafuta alama, usihesabu hatua

Ukimwelekeza mgeni nyumbani kwako humwambii "tembea hatua 412 kisha pinda". Unamwambia "ukifika kwenye mwembe, pinda kushoto". Stringi nazo zina miembe yake. Katika jumbe zetu, kiasi huja daima baada ya "Tsh " na huishia kwenye nafasi tupu inayofuata. Hizo ndizo alama.

Python ina `find`, inayokwambia alama inaanzia namba ngapi:

```
mwanzo = ujumbe.find("Tsh ") + len("Tsh ")
mwisho = ujumbe.find(" ", mwanzo)
print(ujumbe[mwanzo:mwisho])
```

Mambo mawili hapa yanataka jicho. `find` inakupa mahali alama inapoanza, na wewe unataka inapoishia, ndiyo maana tunaongeza urefu wake. Ukisahau, utapata kipande kinachoanza na "Tsh". Pia ile `mwanzo` kwenye `find` ya pili inamaanisha "anza kutafuta kuanzia hapa". Bila hiyo, ingeipata nafasi tupu ya kwanza kabisa ya ujumbe, ile iliyo baada ya "Umetuma", na mkasi wa pili ungekuwa nyuma ya ule wa kwanza. Python ikipewa mikasi iliyopishana hivyo inarudisha stringi tupu, kimya kimya tena.

Jaribu mistari hii mitatu kwa Umepokea na kwa Umetuma, kwa elfu tano na kwa milioni moja na nusu. Yote inakatika sawasawa.

Msomaji mjanja atauliza: kwa nini nisitumie `ujumbe.split()[2]`? Ni swali zuri. `split` inavunja stringi kila penye nafasi tupu na kukupa orodha ya maneno, na neno la tatu, yaani namba 2, ni kiasi. Kwa jumbe hizi ingetosha, na ingeniokoa aibu barazani. Ila inahesabu maneno badala ya herufi, na kuhesabu ni kuhesabu. Ukitaka jina la mtumaji utakwama, maana kuna mwenye majina mawili na kuna mwenye matatu, na yanayofuata yote yanasogea.

Hatua ya sita: alama isipokuwapo

Siku moja muundo wa ujumbe unabadilika. Badala ya "Tsh" wameandika "TZS". `find` ikikosa inachotafuta haigomi; inarudisha -1. Fuatilia hesabu: -1 kuongeza 4 ni 3. Mkasi wa kwanza uko kwenye mstari wa 3 wa "Umepokea TZS 25,000.00", wa pili kwenye nafasi tupu ya kwanza, mstari wa 8. Programu inakuambia kwamba mchango wa Asha ni "pokea".

Nilicheka nilipoliona mara ya kwanza, lakini angalau hilo litagoma ukijaribu kulifanya namba. Vyovyote iwavyo, kila ukiandika `find`, swali linalofuata liwe: je, imepata? Badala ya kuliuliza upya kila mahali, liweke ndani ya fanksheni moja, yaani mistari iliyopewa jina ili uiite wakati wowote, uitumie maisha yako yote:

```
def kata_kati(maandishi, kabla, baada):
    a = maandishi.find(kabla)
    if a == -1:
        return None
    a = a + len(kabla)
    b = maandishi.find(baada, a)
    if b == -1:
        return None
    return maandishi[a:b]
```

Isome kwa Kiswahili: tafuta alama ya kabla, ukiikosa, rudisha hakuna kitu, ukiipata, sogea mpaka mwisho wake, kutoka hapo tafuta alama ya baada, ukiikosa, rudisha hakuna kitu, ukiipata, kata kati yao. `None` ndiyo hiyo "hakuna kitu". Kuna wanaopenda `index` badala ya `find`, kwa kuwa yenyewe inagoma alama isipopatikana. Si vibaya. Kwa anayeanza naona `None` inafundisha zaidi, kwa sababu inakulazimisha uamue la kufanya.

Rudi kwenye ule ujumbe wa kwanza wa Asha, ukate chochote utakacho:

```
print(kata_kati(ujumbe, "Tsh ", " "))                  # 25,000.00
print(kata_kati(ujumbe, "kutoka kwa ", " tarehe"))     # ASHA JUMA
print(kata_kati(ujumbe, "Salio jipya ni Tsh ", ". "))  # 141,350.00
print(kata_kati(ujumbe, "Kumbukumbu no. ", "."))       # QX7K2M9P1
```

Utazame huo mstari wa tatu. Salio linafuatwa na nukta ya mwisho wa sentensi, lakini ndani yake lina nukta nyingine ya kutenga senti. Ningesema "kata mpaka kwenye nukta", ningepata 141,350 na kuacha senti nje. Ningesema "kata mpaka nafasi tupu", ningepata 141,350.00 pamoja na nukta iliyoning'inia mwishoni, na Python ingekataa kuigeuza namba. Alama sahihi ni nukta ikifuatwa na nafasi tupu, vyote viwili pamoja. Kuchagua alama ndiyo kazi yenyewe. Mabano na nukta mbili ni ya kukariri tu. Mimi siku hizi nachapisha jumbe kumi kwenye karatasi na kuzipigia mistari kwa kalamu kabla ya kuandika msimbo wowote.

Alama ndefu kwa kawaida ni salama kuliko fupi. "Tsh " imo mara mbili kwenye ujumbe, na `find` huipata ya kwanza. "Salio jipya ni Tsh " imo mara moja.

Hatua ya saba: geuza kipande kiwe namba

"25,000.00" bado ni maandishi. Ukiijumlisha na "10,000.00" Python itaziunganisha ziwe "25,000.0010,000.00", na kwake hilo ni jibu sahihi. Ondoa senti, ondoa mikato, kisha igeuze:

```
def kuwa_namba(kiasi):
    shilingi = kiasi.split(".")[0]
    return int(shilingi.replace(",", ""))
```

Senti nimezitupa kwa makusudi, maana kwenye kikoba hakuna anayechanga senti. Kwa fedha ambayo senti zake zina thamani usifanye hivyo, na usikimbilie `float`, yaani namba zenye desimali, pia: ukiiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2 itakujibu 0.30000000000000004, na hakuna mweka hazina atakayekubali kuandika hivyo. Kuna moduli, yaani nyongeza inayokuja na Python, iitwayo `decimal` kwa kazi hiyo.

Sasa programu nzima, inayopitia jumbe moja baada ya nyingine. Ziandike fanksheni mbili za juu, kisha:

```
jumbe = [
    "Umepokea Tsh 25,000.00 kutoka kwa ASHA JUMA tarehe 14/3/24.",
    "Umepokea Tsh 50,000.00 kutoka kwa NEEMA PAULO tarehe 15/3/24.",
    "Umetuma Tsh 25,000.00 kwenda kwa REHEMA ALI tarehe 16/3/24.",
    "Ongeza salio leo upate dakika za bure!",
]

salio = 0
for u in jumbe:
    u = " ".join(u.split())
    pato = kata_kati(u, "Umepokea Tsh ", " ")
    toleo = kata_kati(u, "Umetuma Tsh ", " ")
    if pato is not None:
        salio = salio + kuwa_namba(pato)
    elif toleo is not None:
        salio = salio - kuwa_namba(toleo)
    else:
        print("Sijauelewa:", u)

print("Salio:", salio)
```

Unapata salio la 50000, na ule ujumbe wa matangazo unatajwa peke yake kwamba haukueleweka. Programu yangu ya kidole, kwa jumbe tatu za kwanza, ingesema 70000. Mstari wenye `join` unapunguza nafasi tupu mbilimbili ziwe moja, ukiuacha, "Tsh  25,000.00" yenye nafasi mbili itakupa kipande kitupu. Na usiifute ile `else` kwa kuona inachafua skrini. Siku "Tsh" itakapogeuka "TZS", hiyo ndiyo itakayokwambia.

Kama `find` inakataa kuona kitu ambacho macho yako yanakiona, chunguza mawili. Herufi kubwa na ndogo kwake ni tofauti, "TSH" si "Tsh". Na kile kikoma cha juu: kibodi nyingi za simu huandika kilichopinda, `’`, wakati wewe umeandika kilichonyooka, `'`. Utatafuta "ng'ombe" kwenye shairi zima usimpate hata mmoja, na zizi limejaa.

Wakati kuhesabu kunafaa

Nisije nikaeleweka vibaya. Kuna maandishi ambayo urefu wake haubadiliki kwa sababu mtu ameamua hivyo, na hapo kuhesabu ni halali. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, cha NIDA, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa:

```
nida = "19950417000000000000"
mwaka = nida[0:4]   # 1995
mwezi = nida[4:6]   # 04
siku = nida[6:8]    # 17
```

Hapa kabla ya kukata uliza `len(nida) == 20`, kwa kuwa watu huandika wakiweka vistari katikati. Namba ya gari kama T 123 ABC unaweza kuchukua herufi zake kwa `[-3:]`. Namba ya mtihani yenye sura ya S0000/0001/2024 ina alama zake tayari, ikate kwa `split("/")`: kituo, mtahiniwa, mwaka.

Na namba ya simu, ingawa tunaiita namba, ihifadhi kama stringi. Hakuna anayejumlisha namba za simu. Ukiigeuza kwa `int`, sifuri ya mwanzo inapotea. Ukiiacha maandishi, kuipeleka kwenye muundo wa kimataifa ni mkato mmoja: `"255" + simu[1:]`, au 254 kwa Kenya.

Ukihamia lugha nyingine

Mikasi ni ileile, ila soma maelezo ya namba ya pili. Java, `substring(13, 22)`, na JavaScript, `slice(13, 22)`, zinafanana na Python: namba ya pili ni mahali pa kuishia. PHP na C# zinataka urefu: `substr($u, 13, 9)` na `Substring(13, 9)`. Excel, ambako kazi nyingi za vikoba ziko kwa kweli, inaanza kuhesabu kutoka 1 na inataka urefu, kwa hiyo ni `=MID(A1,14,9)`. Niliwahi kuhamisha msimbo kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kuliangalia hilo, na vipande vyote vikaja na mikia mirefu.

Zoezi la kufungia

Shangazi alipoona salio limekubaliana na daftari alikuwa na ombi moja. Ujumbe unasema "saa 7:05 PM", na yeye saa yake ni ya Kiswahili. Kata saa kutoka kwenye ujumbe wa Asha, kisha uigeuze:

```
saa = int(kata_kati(ujumbe, " saa ", ":"))
saa_yetu = (saa + 6) % 12
if saa_yetu == 0:
    saa_yetu = 12
print(saa_yetu)   # 1
```

Ile alama ya asilimia inatoa baki ya kugawanya: 7 na 6 ni 13, ukigawa kwa 12 inabaki 1. Ikibaki 0, tunasoma saa kumi na mbili. Dakika na ile PM ni zako: dakika zikate kati ya ":" na nafasi tupu inayofuata, lakini angalia kwanza kama ":" imo mara moja tu kwenye ujumbe. Kuamua kama ni asubuhi, mchana, jioni au usiku ni kugumu kuliko kunavyoonekana. Mimi niliandika kwamba saa kumi na moja alfajiri ni usiku, shangazi akaniuliza kama huwa siamki kuswali.